Bwawa, tangi la mtiririko au tangi la mikupuo? Njia tatu za kusafisha maji taka makali Nakuru, Kisumu na magharibi

Mwenye kiwanda kidogo cha maziwa karibu na Njoro, mwenye kichinjio pembezoni mwa Kisumu na mkuu wa shule ya bweni huko Bungoma wana tatizo moja. Maji taka yao ni makali au ni mengi kuliko shimo linavyoweza kumeza, na lori la kunyonya limekuwa gharama ya kila juma. Wakiuliza ushauri, watatajiwa njia tatu zinazotumia bakteria wasiohitaji oksijeni: bwawa lenye kina, tangi ambalo maji huingilia chini na kupanda taratibu kupitia tope, na tangi la mikupuo, yaani linalojazwa na kutolewa maji kwa awamu, ambalo bakteria wake wameota utando juu ya vipande vya sponji. Njia zote tatu hazihitaji mashine za kupuliza hewa, na tope zinalozalisha ni sehemu ndogo tu ya lile linalotoka kwenye mitambo ya hewa. Zote pia hutoa methani. Kwa hiyo sifa hizo hazimsaidii mtu kuchagua, na tofauti inayofaa kutazamwa iko kwingine.

Kwa maoni yangu, swali la kwanza lisiwe mtambo upi unasafisha zaidi. Liwe: maji yako yanakujaje? Kichinjio humwaga karibu maji yake yote kati ya alfajiri na saa nne asubuhi. Kiwanda cha maziwa humwaga kwa vishindo kila vyombo vinaposafishwa. Shule hunyamaza kabisa Aprili, Agosti na Desemba, na kinu cha kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon hufanya kazi kwa msimu. Ni wachache sana wenye maji yanayotiririka kwa kiwango kimoja usiku na mchana, ilhali mitambo mingi husanifiwa kana kwamba kila mtu ana maji ya namna hiyo.

Vigezo vya kupimia

Baada ya namna maji yanavyokuja, linafuata swali la ukali wake. Maabara hupima ukali huo kwa oksijeni inayohitajika kuuteketeza uchafu, na majibu huandikwa kwa herufi COD (uchafu wote unaoweza kuteketezwa kwa kemikali) na BOD (ule unaoweza kuliwa na bakteria). Pamoja na vipimo hivyo, uliza kiasi cha mafuta na chembe ngumu, kwa sababu viwili hivyo ndivyo huua mitambo ambayo kwenye karatasi ilionekana kamili.

Kigezo cha tatu ni joto. Bakteria hawa hustawi zaidi kwenye nyuzi 30 hadi 38, na kadiri joto linavyoshuka ndivyo wanavyochelewa kula. Kisumu iko kando ya ziwa, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130, na Nakuru iko karibu mita 1,850. Mtu aliyewahi kulala miji yote miwili mwezi wa Julai haelezwi tofauti yake. Kigezo cha nne ni ardhi na udongo, na cha tano ni umeme pamoja na mtu wa kuutunza mtambo.

Kigezo cha sita husahaulika mpaka mkaguzi anapobisha hodi: maji yaliyosafishwa yataelekea wapi? Kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliruhusu maji yanayoingia kwenye mfereji wa umma wa maji taka yawe na COD isiyozidi miligramu 1,000 kwa lita na BOD isiyozidi 500. Maji yanayoachwa kwenye mazingira yaliwekewa COD 50 na BOD 30. Uliza ofisi ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, katika kaunti yako viwango vinavyotumika sasa, lakini pengo kati ya 1,000 na 50 linatosha kuonyesha kwamba mtu aliye karibu na mfereji wa mji na mtu anayemwaga kwenye kijito hawawezi kununua kitu kimoja.

Ili ulinganisho usielee hewani, tuchukue mfano wa kubuni: kiwanda cha maziwa kinachotoa lita 20,000 za maji taka kwa siku, zenye COD ya miligramu 3,000 na BOD ya 1,800 kwa lita. Huo ni mzigo wa kilo 60 za COD au kilo 36 za BOD kila siku.

Bwawa lenye kina

*Linavyofanya kazi.* Ni shimo la mita 2 hadi 5 ambalo uchafu huzama na kuozea chini, na mara nyingi utando mzito huganda juu. Maji yakitoka hapo huingia kwenye mabwawa mapana yasiyo na kina kirefu, ambako jua, mwani na muda humalizia kazi. Nakuru na Kisumu zote zinayajua mabwawa. Kisumu ina yale ya Nyalenda, na Nakuru ina yale ya Njoro.

*Mtiririko na ukali.* Hapa bwawa ni mzee mvumilivu. Ukimletea maji mengi leo na kidogo kesho halitikisiki, kwa kuwa ujazo wake mkubwa hupooza kila kishindo. Mafuta huelea yakawa sehemu ya kifuniko chake, nayo shule ikifungwa mwezi mzima, bakteria husubiri.

*Joto na ardhi.* Wahandisi wa mabwawa hutumia wastani wa joto la hewa wa mwezi wa baridi kuliko yote kuamua mzigo. Kwa kanuni yao iliyozoeleka, kwenye nyuzi 22 kila mita ya ujazo hubeba gramu 320 za BOD kwa siku na kuondoa takriban asilimia 64, na kwenye nyuzi 16 hubeba gramu 220 na kuondoa takriban asilimia 52. Kiwanda chetu cha mfano kingehitaji mita za ujazo 113 penye joto la kwanza na 164 penye joto la pili. Hayo si makubwa. Ugumu uko kwenye bwawa pana linalofuata, ambalo kwa mahesabu ya aina hiyo hiyo hudai takriban mita za mraba 450 penye nyuzi 22 na 950 penye nyuzi 16. Kwa lugha ya mawakala wa mashamba, ni karibu ploti nzima ya futi hamsini kwa mia katika hali ya hewa ya ziwani, na ploti mbili kwenye baridi ya Nakuru, kabla hujahesabu kingo, njia ya lori na mabwawa ya mwisho.

Udongo nao una neno. Ardhi ya Nakuru ni ya majivu ya volkano yenye nyufa, na bwawa lisilowekewa bitana huenda likawa linanywesha ardhi badala ya kusafisha maji. Tambarare za Kano zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaozuia maji vizuri ukiwa umelowa, lakini hupasuka wakati wa kiangazi, na mafuriko ya Mto Nyando hayachagui bwawa la kuingia.

*Umeme na mtunzaji.* Karibu haihitaji umeme iwapo mteremko upo. Mtunzaji hukata nyasi, huondoa takataka, na baada ya miaka michache huhitaji kulipia kuondolewa kwa tope.

*Gesi.* Hupotea hewani bwawa likiachwa wazi, na katika kipindi cha miaka 100 methani hupasha dunia joto takriban mara 28 ya kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Linaweza kufunikwa kwa turubai maalumu, ila gharama hupanda. Harufu ya mayai mabovu huja likizidiwa mzigo, na jirani hatakuuliza kanuni ya usanifu.

*Linamfaa nani.* Mwenye ardhi ya bei nafuu mbali na makazi, mwenye maji yanayobadilikabadilika, na hasa anayehitaji kuua vijidudu vya maradhi, kwa sababu mabwawa ya mwisho hufanya hivyo kwa jua na muda, jambo ambalo matangi mawili yanayofuata hayaliwezi.

Tangi la mtiririko wa kupanda

*Linavyofanya kazi.* Njia hii ilianzishwa na Gatze Lettinga na wenzake huko Wageningen, Uholanzi, katika miaka ya 1970, na wahandisi huiandika UASB. Maji huingia chini na kupanda polepole, kwa kawaida chini ya mita moja kwa saa, kupitia blanketi la tope ambalo bakteria wake wamejikunja kuwa punje ndogo nzito. Juu kuna vizuizi vinavyotenganisha gesi, maji na tope. Imetumika kwa miongo kadhaa nchini Brazil, India na Colombia, kwa maji ya viwanda na hata ya miji mizima. Anayetaka teknolojia iliyokwisha kufanya makosa yake kwingine atapata faraja hapa.

*Mtiririko na ukali.* Inapendelea mtiririko wa taratibu usiokatika. Kishindo cha maji kikipita haraka huinua blanketi na kulipeleka nje, na bakteria waliokuzwa kwa miezi huondoka asubuhi moja. Niliwahi kutazama tangi la kichinjio kimoja likitapika tope lake namna hiyo. Mtego wa mafuta ulikuwa umejaa majuma kadhaa, punje zilivikwa mafuta zikawa nyepesi, na maji ya kuoshea sakafu yakafungwa na kufunguliwa yote kwa pamoja. Tangi lenyewe halikuwa na kosa. Lilihitaji tangi la kusawazisha mbele yake, na hilo lilikuwa limefutwa kwenye bajeti.

*Joto na ardhi.* Likishapata punje nzuri na maji ya uvuguvugu, hubeba kilo 5 hadi 15 za COD kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Hata kwa kuchukua 5, kiwanda chetu kingehitaji mita za ujazo 12 tu, ambazo ni kona ya ua. Kwenye baridi ya Nakuru ni busara kupunguza mzigo, au kutumia maji ya moto yanayotoka kiwandani kabla hayajapoa.

*Umeme na mtunzaji.* Maji yanaweza kushuka kwa mteremko bila pampu, lakini mabomba ya chini lazima yagawe maji sawasawa, na kuziba kwake hakuonekani kwa macho. Mtunzaji anapaswa kupima kimo cha tope na pH, yaani kipimo cha asidi. Kuanza bila punje za kupandikiza huchukua miezi kadhaa, na tope la punje halipatikani kirahisi magharibi mwa Kenya.

*Gesi.* Hutoka kwa mfululizo, hivyo ni rahisi kuipeleka moja kwa moja kwenye jiko au boila.

*Linamfaa nani.* Kiwanda kinachofanya kazi zamu zote, chenye maji yaliyochujwa vizuri, nafasi finyu, na fundi anayejua kusoma vipimo.

Tangi la mikupuo lenye utando wa bakteria

*Linavyofanya kazi.* Kundi la Richard Dague katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, lilistawisha tangi la mikupuo lisilo na hewa ambamo maji hujazwa, huachwa yamenyuke, hutulizwa hadi tope lizame, kisha maji ya juu hutolewa. Watafiti wa Brazil, hasa wa São Carlos, waliweka ndani yake vipande vya sponji ya aina ya ile ya godoro, bakteria wakaota juu yake na ndani ya vitundu vyake. Kwa kuwa bakteria wameshikilia, muda wa kutuliza hauhitajiki tena, na kukoroga hakuwatoi nje.

Mzunguko mmoja unaweza kuwa wa saa 8, 12 au 24. Maji yanapoingia, uchafu huwa mwingi na bakteria hula kwa pupa, na kuelekea mwisho uchafu huwa haba, hivyo maji hutoka safi kuliko yangetoka kwenye tangi la ujazo uleule lililochanganywa muda wote. Faida ninayoithamini kuliko zote ni kwamba unapima kabla ya kufungua vali. Maji yakiwa hayajawa tayari, unaongeza saa. Tangi la mtiririko halina subira hiyo, kwani linaloingia husukuma linalotoka.

*Mtiririko na ukali.* Mwenye kumwaga kwa mikupuo amekutana na mtambo wa mikupuo. Maji ya kuoshea ya jioni hujazwa usiku na kutolewa kesho yake. Lakini maji ya maziwa huchacha upesi, na ukilijaza tangi ghafula, asidi hutangulia kuzalishwa kuliko inavyoliwa, pH ikashuka chini ya 6.5, na bakteria wa methani wakagoma. Dawa ni kujaza polepole, pengine kwa nusu ya mzunguko, na kuongeza magadi kidogo mwanzoni ili maji yastahimili asidi. Chokaa ni rahisi kupatikana, ila huacha magamba juu ya sponji. Mafuta na manyoya huziba vitundu, kwa hiyo wavu na mtego wa mafuta ni sehemu ya mtambo.

*Joto na ardhi.* Kwa tahadhari, tuseme kilo 2 za COD kwa mita ya ujazo kwa siku. Hiyo ni mita za ujazo 30 za maji, pamoja na nafasi ya sponji na tangi la kupokea maji yanayofika wakati mzunguko unaendelea. Ni kubwa kuliko la mtiririko na dogo mno kuliko mabwawa. Siku za baridi mzunguko hurefushwa bila kubomoa chochote, mradi tangi la kupokea lina nafasi.

*Umeme na mtunzaji.* Hapa ndipo penye bei yake. Linahitaji pampu ya kujaza, kikorogeo au pampu ya kuzungusha maji, na vali zinazofunguliwa kwa wakati wake. Umeme ukikatika katikati ya mzunguko hakuna maafa, kwa sababu bakteria hubaki mahali pao na kazi huendelea kwa kasi ndogo. Anayesahau ratiba ndiye huleta maafa. Kulianzisha huwa ni kulowesha sponji kwenye tope la mtambo mwingine usio na hewa, na hapa kwetu tope la tangi la choo au la mtambo wa gesi ya samadi linaweza kutumika kama mbegu, mtu akivumilia majuma ya kuzoea.

Haki inadai niseme pia kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wa njia hii imetoka kwenye maabara na mitambo ya majaribio. Mitambo mikubwa ya kibiashara ni michache, vipuri havitapatikana dukani, na mhandisi wako huenda akawa anajenga wa kwanza maishani mwake.

*Gesi.* Huja kwa mawimbi: nyingi baada ya kujaza, kidogo mwishoni. Mfuko wa kuhifadhi ni wa lazima, na kwa sababu nyingine nzito zaidi: unapotoa maji, nafasi ya juu hupanuka na kuvuta. Isipovuta gesi kutoka kwenye mfuko itavuta hewa, na methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ndani ya hewa hulipuka kwa cheche.

*Linamfaa nani.* Kichinjio, kiwanda kidogo cha maziwa au cha samaki, mwenye zamu moja au mbili kwa siku, mwenye ua mdogo na mtunzaji mwaminifu kwa saa.

Mambo ambayo hayabadiliki kwa kuchagua

Kila kilo ya COD iliyogeuzwa kuwa methani hutoa lita 350 za gesi hiyo katika hali sanifu ya vipimo. Tangi lolote kati ya yale mawili likiondoa asilimia 80 ya mzigo wa mfano wetu, yaani kilo 48, kikomo cha juu ni takriban mita za ujazo 17 za methani kwa siku, joto linalokaribiana na la kilo 40 za kuni kavu. Sehemu yake hutoka imeyeyuka majini. Inatosha kupasha maji ya kuoshea vyombo, haitoshi kuendesha kiwanda, na muuzaji anayeahidi vinginevyo aombwe mahesabu.

Asilimia 80 hiyo hiyo huacha COD ya 600. Maji hayo yanaingia kwenye mfereji wa mji bila shida ya kipimo hicho, lakini hayana ruhusa ya kuingia mtoni. Naitrojeni na fosforasi nazo hupita karibu zote. Kisumu imeona gugumaji linavyofunga Ghuba ya Winam, na Ziwa Nakuru halina mto wa kulitoa maji, hivyo kinachoingia hubaki. Anayemwaga kwenye mazingira ahesabu tangu mwanzo hatua ya pili, kama vile kinamasi cha matete au mabwawa mapana.

Gesi ya salfa iliyomo kwenye methani hula shaba na injini, na ndani ya tangi huua mtu kwa pumzi chache. Asiingie mtu kwenye tangi lolote kati ya haya, hata likiwa tupu, bila vifaa vya kupumulia na wenzake wa kumvuta.

Kulingana na hali yako

Ukiwa na shule ya bweni Bungoma au Kakamega, yenye ekari kadhaa na bila mfereji wa umma karibu, anza kufikiria mabwawa. Maji yako si makali, likizo ni ndefu, vijidudu ndivyo hatari kuu, na fundi wa kudumu huna.

Ukiwa na kichinjio ndani ya manispaa, chenye mfereji wa umma mlangoni na ua wa kuegesha magari mawili, tangi la mikupuo linaendana na ratiba yako, mradi damu ikusanywe kando na isiingie kwenye bomba. Huna mtu wa kufuata saa? Basi tangi la mtiririko lenye tangi kubwa la kusawazisha mbele yake litakusamehe makosa mengi zaidi.

Ukiwa na kiwanda cha zamu tatu, tangi la mtiririko linastahili kuwa la kwanza kuulizwa bei. Ukiwa Nakuru na ploti ni ghali, linganisha bei ya ardhi ya mabwawa na gharama ya kupasha maji au ya tangi kubwa zaidi, kwa sababu huenda ardhi ikawa ndiyo mtambo wa bei ya juu kuliko yote.

Ukiwa kwenye ukanda wa miwa, Muhoroni au Chemelil, na maji yako ni mabaki ya kukeneka pombe ya molasi, ukali wake ni wa mara kumi na zaidi ya mfano wetu na salfa ni nyingi. Usichague kwa makala hii. Ajiri mtu wa kusanifu.

Na kama bado umekwama kati ya matangi mawili, tafuta mapipa mawili ya lita 200 yenye vifuniko visivyovuja. La kwanza litie tope na ulilishe taratibu kutoka chini, la pili litie vipande vya sponji vilivyoloweshwa tope hilo hilo, ulijaze na kulitoa kwa ratiba. Yaweke nje penye hewa, mbali na moto, gesi yake ikitoka kwa mpira juu ya vichwa vya watu. Yalishe maji yako halisi kwa miezi mitatu, mmoja wake uwe Julai, ukipima pH kila siku na COD kila juma, na umkabidhi kazi hiyo yule yule utakayemwachia mtambo mkubwa.